Tufani ya Jua na Ulimi wa Mwenye Kuwaidhi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jua na mwezi akavipitisha kwa hisabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, suali nitakalolieleza katika karatasi hizi ni hili: mtu akiwaidhi watu kwa jambo lisilo kweli, na watu wakarejea katika ibada kwa mawaidha yale, je, yamfaa kunyamaza baada ya kujua kuwa alikosa? Suali hili sikulitoa vitabuni. Limenikuta mimi mwenyewe huku bara, katika mji wa Iringa ninakosomesha, nami nimeona ni haki niwape khabari yake, ili kila mwenye kupanda mimbari ajihadhari na ulimi wake.

Usiku wa tarehe 10 Mei 2024, kuamkia Jumamosi, mwanzo wa Mfunguo Pili 1445, ardhi ilifikiwa na tufani ya jua ambayo kubwa mfano wake haikuwa imetokea tangu Oktoba 2003. Jumapili yake, tarehe 12, intaneti ikakatika Tanzania na katika nchi za jirani. Iringa na Mbeya, kama Dar es Salaam na Mombasa, watu walibaki kuzigeuza simu zao mikononi, wala hazina jawabu. Jioni ile, baada ya Maghribi, nilikaa kusomesha. Nilikuwa nimekwisha kusikia khabari za tufani ile, basi nikawaambia watu: "Mmeona? Mwenyezi Mungu ameliamrisha jua, likawakatia hicho mlichokuwa mkikikesha usiku kuliko mnavyokesha kwa ajili yake. Hii ni hukumu!" Watu wakalia. Alfajiri yake zikasimama safu tatu, mahali ambapo kwa desturi haitimii hata moja. Nami, Mungu anisamehe, niliona fakhari.

Jumanne, intaneti iliporejea kidogo, mwanafunzi wangu mmoja akanisomea khabari yenyewe. Kilichokatika ni nyaya mbili zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, upande wa Afrika ya Kusini, kaskazini ya Durban. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo zipitishazo nuru, na tufani ya jua haikati nyuzi hizo. Mambo mawili yalikutana katika siku chache, na mimi nikayafunga kwa kamba ya ulimi wangu.

Lakini mtu asifahamu kwa haya kuwa jua haliwezi kuvidhuru vyombo vyetu. Mwenye kusema hivyo naye amekosa. Jua liko mbali nasi kadiri ya kilomita milioni 150. Juu ya uso wake huonekana madoa meusi, ambayo huzidi na kupungua kwa mzunguko wa kadiri ya miaka 11. Penye madoa hayo nguvu za sumaku hujipinda na kukazana mpaka zikafumuka, na huo ndio mripuko. Nuru yake hutufikia kwa dakika 8, na huweza kuizima redio ya mawimbi mafupi upande wa dunia ulio mchana. Pengine mripuko hufuatwa na wingu la chembe zenye umeme, ambalo aghlabu hushika njia siku moja mpaka tatu. Wingu hilo likiipiga sumaku ya ardhi huiyumbisha, na umeme ukazaliwa katika nyaya ndefu pasi na mtu kuutia.

Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza mmoja, Richard Carrington, aliuona mripuko kama huo kwa darubini yake. Kabla ya siku kutimia, nyaya za telegrafu zikafisidika Ulaya na Marekani. Mwaka 1872 tufani nyingine iliushika waya uliopita chini ya bahari baina ya Bombay na Aden, katika bahari hii hii ya majahazi yetu. Kwani nyaya za zamani zilichukua khabari kwa umeme, si kwa nuru. Tarehe 13 Machi 1989 katika nchi ya Quebec, Kanada, watu kadiri ya milioni 6 walikaa gizani kwa muda wa saa 9. Na katika tufani hii ya Mei 2024, wakulima wa Marekani wenye matrekta yanayoongozwa na satelaiti walipotewa na mistari yao katika msimu wa kupanda. Basi khatari ni ya kweli. Kilichokuwa uwongo ni kuisingizia kazi isiyoifanya.

Sasa sikilizeni matunda ya maneno yangu. Jumatatu alifika Iringa mchuuzi wa mchele kutoka Mbeya kudai fedha zake. Hisabu yake yote aliiweka katika simu, nayo haikufunguka kwa kukosa intaneti, wala hakuwa na karatasi wala shahidi. Mdeni wake alikuwa amehudhuria darsa yangu. Akamwambia: "Sheikh amesema hii ni hukumu ya Mungu. Kilichofutwa na Mungu, mja atakiandikaje?" Mchuuzi akaja kwangu analalamika. Nikamwita yule mdeni, nikamwambia kuwa deni liko shingoni mwake, liandikwe lisiandikwe, na kuwa sharia ilituamrisha kuandika na kushuhudisha ili kututoa katika shaka, si kumpa mdeni mlango wa kutokea. Akaniitikia: "Lakini, Sheikh, wewe ndiwe uliyesema." Sikuwa na la kumjibu.

Usiku wa siku ile ya Jumanne nilimwendea mzee mmoja wa msikiti, mtu wa kheri, nikamweleza kuwa nataka kuyarudi maneno yangu mbele ya watu. Akaniambia: "Mwalimu, yaache hivyo hivyo. Watu wamerejea msikitini. Ukisema ulikosa, watasema masheikh ni waongo, na safu zitapungua. Mdeni mmoja si kitu mbele ya safu tatu." Ndugu zangu, maneno hayo yana uzito, nami nilikesha nayo.

Kisha nikakumbuka siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), mwaka wa 10 wa Hijra, naye yungali mchanga. Siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kufa kwake. Tazameni jambo hili vyema. Maneno yale hakuyasema Mtume, bali wameyasema watu. Yalikuwa ni ya kumtukuza. Naye alikuwa katika msiba, ambapo mtu husamehewa kunyamaza. Lau angalinyamaza, wangapi wangalizidi imani kwa ajili ya jua lile? Lakini hakunyamaza. Aliswali, kisha akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Akawaamrisha kuswali na kuomba. Hakuwaondolea khofu ya Mungu. Aliwaondolea uwongo, khofu ikabaki safi. Ikiwa yeye, aliye mbora wa viumbe, hakukubali imani ya watu ijengwe juu ya sababu isiyo kweli, mimi mwalimu wa chuo ni nani niikubali?

Na Imam Ghazali, ambaye ni katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi, ameonya zamani katika khabari hii hii ya kupatwa kwa jua: mwenye kubishana kwa jina la dini na jambo lililothibiti kwa hisabu, huidhuru dini yenyewe, kwani mwenye kujua hisabu hataitilia shaka hisabu yake, bali ataitilia shaka dini. Mimi niliyaona hayo kwa macho. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, kwa kuwa wataalamu walikwisha kutaja siku, saa na mahali. Jua likapatwa kama walivyosema, likabaki pete ya nuru kwa muda wa dakika tatu hivi. Sisi tulioswali pale swala ya kupatwa kwa jua hatukupungukiwa na kitu kwa kujua saa yake mapema. Hisabu ilituambia lini, na swala ikatuambia tufanye nini.

Ama kusema kuwa nia ilikuwa njema, wako walizua hadithi ili kuwatia watu hamu ya kusoma Kurani, na nia yao hiyo haikuwafaa. Wanavyuoni wa hadithi waliwahesabu katika waongo.

Basi Ijumaa ya tarehe 17 Mei, baada ya swala, nilisimama nikasema: "Nilikwambieni kuwa jua limekata intaneti, na kuwa ni hukumu juu yenu. La kwanza si kweli, na la pili sikuwa na ilimu nalo. Astaghfirullah. Mwenye kuswali kwa ajili ya maneno yangu, na aswali sasa kwa ajili ya Mola wake." Yule mzee aliinamisha kichwa. Mdeni alilipa wiki ile, lakini tangu hapo haniamkii. Safu za Alfajiri zikarudi mbili, kisha moja na nusu. Hiyo nusu iliyozidi juu ya desturi ndiyo ninayoishukuru, kwa kuwa najua haikusimama juu ya uwongo wangu.

Jawabu ya suali letu, kwa hivyo, ni kuwa haifai kunyamaza, hata safu zikipungua. Ishara za Mwenyezi Mungu hazihitaji kutiwa chumvi na sisi. Enyi ndugu zangu wa mimbari, likitokea jambo la mbingu, waamrisheni watu swala, sadaka na istighfari. Na mkiulizwa sababu yake msiyoijua, semeni Mungu ndiye ajuaye. Nanyi wafanya biashara, andikeni madeni yenu kwa wino na muweke mashahidi, kwani simu ni chombo, na chombo huzima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, na atujaalie kuirudia kweli kabla hatujarudi kwake. Amin.