Je, Apendaye Anadai?

Kijana amempenda msichana kwa moyo wake wote. Amemngoja miaka, amemfanyia kazi, ameilinda heshima yake mbele za watu. Msichana hampendi, au alimpenda jana, na leo hampendi tena. Je, kijana huyo amedhulumiwa? Ana haki ya kudai? Na yale mapenzi yake ya miaka yote yamekwenda wapi?

Wazee wengi hulicheka swali hili, wakisema ni mambo ya watoto, nayo yatapita. Sisi hatuoni kuwa ni la kuchekwa. Katika uchungu huo, usipopata mtu wa kuusikiliza, hutoka matusi, hutoka vipigo, na mara nyingine visu. Hutoka pia maisha ya mtu aliyekauka moyo, ambaye baadaye huoa bila kumpenda yule aliyemwoa, na watoto wake hula chakula chao katika nyumba ya kimya. Jambo lenye matunda kama hayo lafaa kupimwa kwa akili.

Chukua mfano wa kijana wa Kibirizi au wa Katonga, pale Kigoma, avuaye dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa dagaa hawaifuati taa. Basi hukaa ufukoni akihesabu fedha zake za mahari. Kila debe la dagaa aliloanika mchangani ni hatua moja kuelekea nyumbani kwa mchumba wake. Siku akisikia kwamba binti ameposwa na mwingine, neno la kwanza kinywani mwake ni “nimepoteza.” Asema kama mfanya biashara aliyeibiwa. Neno hilo ndilo tutakalo kulitazama leo, maana ufuko ule ule wa ziwa ulipata kumwona mtu mashuhuri aliyefanya hesabu ya namna hiyo hiyo, tena kwa gharama kubwa kupita ya mvuvi yeyote.

Henry Morton Stanley ajulikana na kila mtoto wa shule kwa kukutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Safari yake ya pili haitajwi sana, na sababu yake ya moyoni haitajwi kabisa. Mtu huyu alizaliwa Wales mwaka 1841, mtoto wa mama asiyeolewa, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mama yake hakumtaka. Anayetaka kumhukumu (na yako mengi ya kumhukumu, hasa kazi aliyomfanyia baadaye Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo) na akumbuke kwanza ile njaa ya utotoni. Katika Livingstone alipata kwa miezi michache kitu kama baba. Kisha Livingstone akafa, na mwaka 1874 Stanley akawa mmoja wa waliolichukua jeneza lake London.

Mwaka huo huo, mjini humo, alikutana na Alice Pike, msichana Mmarekani wa miaka 17, binti wa tajiri wa Cincinnati aliyekwisha kufariki. Stanley alikuwa na miaka 33. Mama wa binti aliona mwanawe ni mdogo mno. Ikakubaliwa wangoje, na mwezi wa Julai, huko New York, wawili hao wakatia sahihi hati ya ahadi kwamba wataoana Stanley atakaporudi kutoka Afrika. Stanley aliagiza mashua ya mbao za mwerezi iundwe Teddington, kando ya mto Thames, urefu wake futi 40, iweze kufunguliwa vipande vitano ibebwe mabegani mwa watu. Akaiita Lady Alice.

Msafara ulitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, watu zaidi ya 300. Vipande vya mashua vilibebwa na wapagazi walioteuliwa kwa nguvu zao, katika matope na miiba, mpaka Ziwa Viktoria, ambalo mashua ililizunguka mwaka 1875. Tarehe 27 Mei 1876 msafara ukaingia Ujiji. Tarehe 11 Juni mashua ikashushwa majini, ikaufuata mwambao wote wa Ziwa Tanganyika kwa siku 51, ikarudi Ujiji tarehe 31 Julai. Yeyote aliyepata kusafiri kwa MV Liemba kutoka Kigoma kwenda kusini anaujua urefu wa mwambao ule, na jinsi upepo uwezavyo kuyabadili maji yale kwa saa moja. Wale walipita kwa makasia na tanga.

Siku hizo zote Stanley alimhesabu Alice kuwa ni mchumba wake. Lakini tangu Januari 1876 Alice alikuwa mke wa mtu mwingine, Albert Barney, mwana wa mwenye kiwanda cha mabehewa ya reli katika Ohio. Mashua yenye jina lake ilipokuwa ikipita chini ya milima ya ziwa letu, yeye alikuwa mja mzito wa mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Nani aliyekosa? Wengi watajibu upesi: msichana. Twakubali kwa sehemu. Ahadi ni deni, wasema wahenga, na ahadi ya maandishi ni deni lenye shahidi. Aliyebadilika moyo hana budi kusema, hata kama kusema ni kuchungu na hata kama barua yenyewe yaweza kupotea njiani. Kumwacha mtu aendelee kujenga juu ya kiwanja ulichokwisha kukiuza ni ukatili, ingawa wengi huuita huruma: “Sikutaka kumwumiza.” Vijana wetu wa kike na wa kiume wenye simu mkononi hawana hata udhuru wa umbali aliokuwa nao Alice, na bado hunyamaza.

Lakini yatupasa kutenga mambo mawili yanayochanganywa kila siku barazani. Alice alikuwa na deni la neno. Hakuwa na deni la moyo. Angaliandika barua ya kweli mwaka 1875, deni lake lingalikwisha, na Stanley asingalikuwa na cha kumdai. Moyo haumo katika vitu vinavyodaiwa. Kanisa limeshika sikuzote kwamba ridhaa isiyo huru si ridhaa, na ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa si ndoa. Kama hata mbele ya altare, dakika ya mwisho, mtu aweza kusema hapana, basi hakuna kazi, wala zawadi, wala miaka ya kungoja, iwezayo kuufanya moyo wa mwenzake kuwa mali yake. Kijana wa Katonga akidai arudishiwe mahari yake, wazee watamsikiliza, na ni haki yake. Akidai arudishiwe usiku wake ziwani, hakuna mzee awezaye kumlipa, kwa kuwa hakuna aliyemkopa.

Kosa la Stanley lilikuwa la ndani zaidi kuliko kumchagua msichana mdogo mno. Aliyafanya mapenzi kuwa ujira. Alidhani akirudi na jina kubwa atastahili kupendwa, kama apaguaye mzigo mwisho wa safari na kunyosha mkono apokee posho. Mtoto aliyekataliwa na mama yake aweza kudhani hivyo kwa urahisi, twamwelewa. Hata hivyo kosa hilo lilikuwa na mabega yaliyolibeba, nayo hayakuwa ya Stanley. Hatusemi kwamba safari nzima ilifanywa kwa ajili ya mwanamke. Magazeti mawili, la London na la New York, yaliilipia, na maswali ya chanzo cha mto Nile yalikuwa makubwa. Lakini jina lililoandikwa ubaoni lilikuwa la mwanamke mmoja ambaye wapagazi hawakumjua. Zaidi ya 100 walikufa kabla ya mwisho, kwa ndui, kwa njaa, kwa mikuki na kwa maji. Kalulu, kijana aliyepewa Stanley Tabora akiwa mtoto mwaka 1871, alizama katika maporomoko ya mto Kongo Machi 1877. Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyesalia pamoja na Stanley, akazama Juni. Hapo ndipo kipimo tukitumiacho: usiulize tu mtu anapenda kiasi gani, uliza pia nani anaubeba mzigo wa mapenzi yake. Baba anayewapiga watoto kwa sababu mama yao hampendi, kijana anayemchafulia jina binti aliyemkataa, hao nao wamewatwika wengine vipande vya mashua yao.

Na katika mashua hiyo hiyo lilikuwako penzi la namna nyingine. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, mtu wa Unguja, hodari kuliko wote. Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliwaokoa watu 13 wasizame. Katika siku za njaa, karibu na mwisho wa safari, Uledi alikutwa ameiba shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za kununulia chakula cha wote. Baraza la msafara likaamua apigwe. Ndugu yake Shumari na jamaa yake Saywa wakajitokeza, wakaomba waipokee adhabu hiyo wao. Stanley akawasamehe wote. Hao wawili hawakuwa na hati iliyotiwa sahihi, wala hawakumtaka Uledi awarudishie kitu. Ajabu ni kwamba Stanley aliyaona hayo kwa macho yake na akayaandika kitabuni, lakini hakuna dalili kwamba aliyahusisha na mambo ya moyo wake.

Alice naye hakuishi kama wimbo wa harusi unavyoahidi. Mume wake hakuipenda sanaa yake, naye aliipenda sana. Akaenda Paris akawa mwanafunzi wa mchoraji Carolus-Duran, na baadaye wa Whistler, akaendelea kuchora mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1931, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Washington. Mwanamke aliyeolewa na Stanley hatimaye, mwaka 1890, Dorothy Tennant, alikuwa mchoraji pia, naye alimkataa kwanza kabla ya kumkubali.

Na kwa kuwa tumefika kwa wanafunzi wa uchoraji, tuseme neno juu ya hadithi moja ambayo vijana waweza kuipata kwa urahisi katika simu zao. Ni filamu ya katuni ya Kijapani, za aina ile waiitayo anime, jina lake Honey and Clover, iliyoonyeshwa mwaka 2005 na 2006 kutoka katika vitabu vya mwandishi Chica Umino. Wazazi wengi wakisikia katuni hudhani ni upuzi au uchafu. Hii yahusu wanafunzi wa chuo cha sanaa mjini Tokyo, marafiki wanaokula sufuria moja, na karibu kila mmoja ampenda asiyempenda. Mfinyanzi Yamada ampenda Mayama, Mayama ampenda mjane aitwaye Rika, na Takemoto ampenda Hagumi, binti mdogo mwenye kipaji kikubwa. Takemoto akishindwa na moyo wake apanda baiskeli peke yake, bila mpango, mpaka ncha ya kaskazini ya Japani. Njiani akaa na mafundi wanaokarabati mahekalu ya kale, asaidia kazi zao, kisha arudi na kumwambia Hagumi ukweli. Hagumi amshukuru tu. Mwisho Takemoto aondoka kwa treni kwenda kufanya kazi ya mafundi wale, na katika treni ajiuliza swali lile lile tuliloanza nalo: penzi lisilopata jibu lilikuwa na maana yoyote? Ajibu kwamba lilikuwa nayo. Lililotupendeza ni lile baiskeli. Mzigo wake aliubeba kwa miguu yake mwenyewe, na alipokuwa akiubeba akapata kazi ya maisha yake. Wala urafiki wa wale wote haukuvunjika.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hadithi tu, na damu ya kijana wa kweli haipoi kwa baiskeli. Huenda. Lakini kijana wa kweli huiga anachokiona, na mara nyingi alichoonyeshwa nyumbani ni wanaume wanaodai. Mama amwambiaye mwanawe aliyekataliwa, “Kulia si aibu, mwanangu, lakini mlango wa watu usiugonge tena,” amemfanyia kazi kubwa kuliko anavyojua.

Lady Alice yenyewe iliachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, tarehe 31 Julai 1877, mwaka mmoja kamili tangu iliporudi Ujiji. Waliosalia walifika bahari ya magharibi, wakazungushwa kwa meli hadi Unguja mwezi wa Novemba. Barua zilikuwa zinamngoja Stanley huko, na ndani yake habari ya ndoa ya Alice. Katika siku hizo hizo akaketi kulipa ujira wa msafara. Wazima walipokea wao wenyewe. Kwa ajili ya waliokufa walikuja jamaa zao, kila mmoja akitoa ushahidi kwamba fulani aliyezama au aliyezikwa njiani alikuwa mtu wa nyumba yake.