Cheti na Mkono wa Fundi

Yule fundi wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha chini ya Mlima Meru, ambaye kwa kuusikiliza tu mngurumo wa injini hubaini vali iliyolegea, naye angali hajashika spana, akipeleka maombi ya kazi pasipo cheti, aghalabu hurudishwa mlangoni, nafasi akapewa aliyehitimu juzi. Siidharau elimu, hasha. Tabibu asiyesoma ni hatari. Lakini tajriba nayo ni ilimu, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunzia kazini, ikawatunuku vyeti. Enyi waajiri, kabla hamjauliza shahada, mpeni mwombaji spana, mkaitazame mikono yake.