Kosa la mmoja, adhabu ya wote?

Mwalimu wa darasa la kwanza amegeuka kuandika ubaoni. Nyuma yake mtoto anapiga mluzi. "Ni nani?" Kimya. Basi, wote wapige magoti! Je, ndugu wasomaji, ni haki?

Jibu la walimu nalijua, maana nami nilifundisha wadogo. Tangu masomo ya msingi yafanywe bila malipo katika shule za serikali za Kongo, mwaka 2019, madarasa yamejaa mno. Nani atachunguza kila kosa? Kweli. Lakini uchovu wa mwalimu haumgeuzi asiye na kosa kuwa mkosaji. Mtoto wa miaka sita hajui kusoma bado, ila haki anaijua sana: mwulize yule aliyegawiwa kipande cha muhogo kidogo kuliko cha ndugu yake! Akiadhibiwa bure leo, kesho atajiuliza kutulia kuna faida gani.

Mwaka 1877 Mtakatifu Yohane Bosco aliandika kwamba kuzuia kosa ni bora kuliko kulingoja na kuliadhibu. Mlezi akae kati ya watoto. Wasalesiani wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1911. Basi andika ubaoni kabla watoto hawajaingia, kisha tembea kati ya mabenchi. Mpiga mluzi mpe kazi ya kugawa madaftari.

Siku ile niliyowapigisha wote magoti, mluzi ulitoka kwa mtoto wa nje, dirishani. Kesho yake niliwaomba radhi. Wengi walicheka. Mmoja hakucheka.