Haki ya Mbwa Juu Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu, kuna mas-ala niliyoulizwa na kijana mmoja wa Kisauni, nami nimeona kuwa jawabu yake haimfai yeye peke yake. Kijana huyu ameajiriwa katika nyumba moja ya Nyali, na katika kazi zake ni kumtoa mbwa wa tajiri wake kila siku asubuhi na jioni, amshike kwa kamba, amtembeze katika njia za mtaa ule, kisha amrudishe. Kwa ujira huo humlisha mama yake na ndugu zake wadogo. Lakini tangu watu wa msikitini kwao wamwone na mbwa, humwepuka safuni, na watoto humwita kwa jina la mnyama yule. Siku moja mzee mmoja aliokota jiwe akampiga mbwa ubavuni, naye yu kambani hana pa kukimbilia, kisha akamwambia kijana, "Afadhali ukaombe njiani kuliko kula kwa mkono huo." Kijana akaja kwangu, akaniuliza: "Sheikh, aliyekosa ni mimi au ni yule mzee?"

Nikamwambia: "Keti, mwanangu. Jambo hili tulipime kwa mizani ya sharia, tusilipime kwa chuki."

Kwanza ni najisi. Sisi watu wa pwani twamfuata Imamu Shafi, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito: kitu kilichoguswa na mate yake, au na mwili wake ulio maji, huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hili halina shaka kwetu, wala sikuandika karatasi hii ili kulilegeza. Lakini kikavu kikigusa kikavu hakitii najisi, basi kamba kavu mkononi mwa kijana haimdhuru. Na hatta lau mbwa angalimramba, hukumu yake ni kuosha mahali pale, na udhu wake hautenguki kwa hayo. Tena jueni kuwa Imamu Malik, mwalimu wa Imamu wetu, alimhesabu mbwa kuwa ni tahiri. Hatuliachi la Imamu wetu kwa sababu hiyo. Lakini mtu akijua kuwa mwanachuoni mkubwa kama yule aliliona jambo vingine, itampasa apunguze ukali wa ulimi wake.

Pili ni kufuga. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa mwenye kufuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wala wa kuchunga, wala wa shamba, hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Imamu Nawawi akasema kuwa lililo sahihi zaidi ni kujuzu mbwa wa kulinda nyumba, kwani haja yake ni moja na hao. Basi Muislamu asifuge mbwa kwa mchezo na fahari. Na mwenye haja ya ulinzi ana ruhusa. Lakini ruhusa hiyo ina deni lake. Vitabu vyetu vya fiqhi, katika mlango wa nafaqa, humlazimisha mwenye mnyama amlishe na kumnywesha. Na mbwa afungwaye mnyororo nyuma ya ukuta, usiku na mchana, huharibika tabia, akawa mkali wa kuuma hatta mtoto wa nyumba. Kumtembeza ni kumpa haki yake, na ni kuwakinga watu na shari yake.

Tatu ni lile jiwe. Je, ndugu zangu, najisi ya mnyama hutuhalalishia kumtesa? Katika Suratul Kahf Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa watu wa pangoni pamoja nao, amelala kizingitini. Na Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, kisha akamwona mbwa anakula udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno mpaka akatoka, akamnywesha, na Mola wake akamghufiria. Wamepokea vile vile khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia asimpe chakula, wala asimwache ajitafutie.

Mtu atasema: "Lakini Mtume aliamrisha mbwa wauawe." Kweli, na katika Sahihi Muslim imo pia kuwa baadaye alilikataza hilo. Mbwa mwenye kushambulia watu ana hukumu yake. Huyu wa kijana alikuwa anapita njia.

Basi fahamuni haya. Najisi ya mbwa ina maji yake na udongo wake, na ikishaoshwa imekwisha. Dhulma haina maji. Ukimdhulumu mwanadamu utamwendea umtake radhi. Ukimdhulumu mbwa, utamtaka radhi kwa lugha gani?

Na wenye mbwa nao wana wajibu wao, wawe Waislamu au wasiwe. Wamshike kwa kamba njiani, wasiwatishe wazee na watoto. Waondoe uchafu wake, kwani kuondoa lenye kudhuru njiani ni katika tanzu za imani. Na wampe chanjo kila mwaka, kwa kuwa karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra mtu kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kadiri ya dakika 15, kisha aende hospitali achanjwe bila kukawia. Watazameni ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu: mbwa walichanjwa, ugonjwa ukakatika mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Hayo hayakupatikana kwa mawe.

Nikamwambia kijana: "Wewe hukukosa. Weka nguo mbali za kazi, osha palipoguswa, uingie safuni kichwa juu. Na saa ya watu kutoka msikitini, mpitishe mbwa njia nyingine, kwa heshima yao."

Kisha nikamwendea yule mzee, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akanyamaza kitambo, akasema: "Sasa nimtake radhi nani?" Nikamwambia: "Mtake radhi kijana, kwani yeye ana ulimi wa kusamehe. Na kwa yule mbwa, muombe maghufira Mola aliyemuumba." Ijumaa iliyofuata nikawaona wamesimama safu moja, bega kwa bega.

Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa miili na huruma ya nyoyo. Amin.