Jina la Kuzimu

Katika sura ya pili ya Mwanzo, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje, na jina alilolitamka likawa ndilo. Habari hii huwa tunaipita haraka ili tufike kwenye kuumbwa kwa mwanamke. Lakini kumpa kiumbe jina ni mamlaka kubwa, na tunayatumia hadi leo, mara nyingi kabla hatujamtazama vizuri yule tunayemwita.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1898 meli ya Kijerumani iitwayo Valdivia iliondoka Hamburg kwenda kuchunguza vilindi vya bahari, ikiongozwa na mtaalamu wa wanyama, Carl Chun. Ilipita Atlantiki na Bahari ya Hindi, na mwaka 1899, ikiwa njiani kurudi, ilitia nanga hata Dar es Salaam. Safari hiyo ilivua kiumbe wa jamii ya pweza na ngisi, mwenye rangi ya giza, macho makubwa, na mikono iliyounganishwa kwa ngozi kama joho. Mwaka 1903 Chun alimwandika kwa jina la kitaalamu Vampyroteuthis infernalis. Kwa Kiswahili chetu tungesema ngisi mumiani wa kuzimu.

Ni jina zito. Mumiani ni mnyonya damu, na kuzimu hatuhitaji kuelezwa. Nasi tukionyeshwa picha yake, na safu za miiba zilizopangwa ndani ya mikono yake, hukumu inatujia yenyewe.

Sasa tuone anavyoishi. Makao yake ni mita 600 hadi 900 hivi chini ya uso wa bahari, na wakati mwingine zaidi, mahali ambapo nuru ya jua ni kama haipo na oksijeni ni haba kiasi kwamba samaki wengi hawawezi kudumu. Yeye anadumu kwa kuhitaji kidogo. Mwili wake ni laini, na uzito wake unakaribiana na wa maji yenyewe, hivyo hatumii nguvu nyingi ili asizame. Damu yake, ambayo ni ya buluu, hushika vizuri hata oksijeni kidogo iliyopo. Ana urefu wa sentimita 30 hivi tu. Ile tuliyoiita miiba ni vinyama laini visivyomchoma mtu. Akitishwa hujifunika joho lake mwili mzima. Hana wino wa kumwaga kama ngisi tunaowajua sokoni, bali hutoa ute unaong'aa gizani, na adui akiduwaa yeye amekwisha kuondoka.

Na damu? Hanyonyi damu ya mtu wala ya samaki. Mwaka 2012 Henk-Jan Hoving na Bruce Robison, watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Monterey Bay huko California, walieleza chakula chake. Ana nyuzi mbili nyembamba, ndefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Hutoa uzi mmoja, akauacha uelee, nao unanasa mabaki yanayodondoka kutoka juu: vijidudu vilivyokufa, ute, kinyesi cha viumbe wadogo. Anayakusanya, anayafinyanga kwa ute wake kama tonge, anakula. Mumiani wa kuzimu anaishi kwa makombo.

Jina lakini halikubadilika. Kanuni za wataalamu wa wanyama hulilinda jina la kwanza, na ukweli unaokuja baadaye huandikwa chini ya jina lile lile. Ngisi hapati hasara, kwa kuwa hajui anaitwaje. Binadamu anajua.

Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina bibi wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yaliyochomwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Walioshika panga walikuwa wachache. Waliolitamka lile jina, mchawi, walikuwa wengi, na tusijidanganye kwamba hakuna aliyebatizwa kati yao.

Tulipofundishwa Amri ya Nane katika Katekisimu Ndogo, tulijifunza kwamba Luther hakuishia kukataza uongo juu ya jirani. Anatutaka tumtetee, tumseme vema, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Hapo inatubidi tuikatae methali tunayoipenda mno, kwamba lisemwalo lipo. Mara nyingi lisemwalo lipo midomoni tu. Je, basi tunyamazie uovu? Hapana. Mathayo 18 inatuagiza kumwendea aliyekosa, ana kwa ana. Kumwendea mtu ni kazi, ndiyo maana tunaona nafuu kumpa jina.

Tunaandika haya tukiwa na deni. Katika usharika mmoja tuliotumika alikuwapo mjane mzee aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango, peke yake. Sikukuu ya mavuno ilipofika alileta chungu cha viazi, na jioni kilirudi kimejaa. Tuliona. Tulifunga ibada kwa baraka, tukaenda zetu, na mwaka ukapita. Mwaka uliofuata ndipo tulipokwenda kwake, sisi na mzee mmoja wa kanisa, tukamkuta anapika. Alitukaribisha jikoni kwa sababu hakuwa na chumba kingine cha kukalishia wageni. Moshi haukuwa na pa kutokea. Hatukumaliza hata sala ya kufungua mazungumzo, tulikohoa, tukatoka nje tukifuta machozi, naye akatucheka kidogo akasema, "Poleni wanangu, mtazoea."

Mavuno ya mwaka ule tulikaa naye meza moja, tukala viazi vyake. Baadhi ya akina mama walisogea wakapakua. Wengine hawakusogea, na bombani, tunasikia, bado anaitwa lile jina.