Bwana Alisimama Kumsikia

Somo: Marko 5:21–43



Habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 mmezisikia mara nyingi, na sisi tumezihubiri mara nyingi. Walakini kila mara tulikimbilia pale alipoligusa vazi, tukaisifu imani yake, tukaimba, tukaenda zetu nyumbani. Mwezi huu twataka kukaa kidogo mahali pawili ambapo tumezoea kupapita mbio.

Pa kwanza ni pale zinapotajwa habari za waganga. Marko haoni haya kutuambia ya kwamba mwanamke yule aliwaendea wengi, akapata mateso mikononi mwao, akaimaliza mali yake, na ugonjwa ukazidi. Luka naye anaisimulia habari iyo hiyo katika sura ya 8, lakini hilo la ugonjwa kuzidi amelipita kimya. Luka alikuwa tabibu. Labda aliwaonea huruma wenzi wake wa kazi.

Fikirini miaka 12. Binti wa Yairo, ambaye habari zake zimefungamana na habari hizi, alikuwa na umri huo huo. Basi muda wote ambao nyumba ya Yairo ilimlea mtoto, ikamfundisha kutembea na kusema, mwanamke huyu alikuwa akihesabu fedha za mganga wa pili, na wa tatu, na wa nne. Tena kwa sheria ya Walawi 15 alikuwa najisi, na kitanda chake najisi, na kila alichokikalia. Kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kuketi karibu naye na kumwuliza, Je, usiku umelalaje?

Watu wa namna hii wamo katika sharika zetu. Hatusemi juu ya homa ya siku tatu, ambayo jamaa wote huijia na uji na maombi. Twasema juu ya mgongo uumao tangu mavuno ya mwaka juzi, na kichwa kisichopoa, na kijana mwenye ugonjwa wa selimundu ambaye mifupa humwuma usiku kwa sababu chembe za damu yake hupinda kama mundu na kuziba njia ya damu, naye akifika hospitali huambiwa kwamba sura yake ni ya mtu mzima wa afya. Matabibu husema ya kwamba maumivu yakipita miezi 3 yahesabiwe kuwa ya kudumu. Tena hufundisha jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: mara nyingine jeraha hupona, na maumivu yakabaki, kwa kuwa mishipa ya fahamu imezoea kupeleka habari za hatari, mfano wa mbwa abwekaye hata mwivi alipokwisha kwenda zake. Mtu huyo hasemi uongo. Mbwa abweka kweli. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyapa maumivu hayo mahali pake penyewe, si kama kivuli cha ugonjwa mwingine tu.

Sasa yatupasa kuungama jambo.

Katika usharika tunaoutumikia yuko mama mmoja mjane. Muda wa miaka karibu 4 alikuwa akisimama ukutani, nyuma, wakati wa ibada. Akiketi ni shida kuinuka. Katika Chakula cha Bwana alikuja mwisho wa wote, wala hakupiga magoti. Siku ya kulima shamba la kanisa hakuonekana. Wazee wa kanisa wakatuletea neno ya kwamba mama huyu ameingiwa na kiburi. Tukamwendea jioni moja. Tulisoma Zaburi, tukanena juu ya uvumilivu wa Ayubu, tukaomba, tukanywa chai, tukaondoka. Saa nzima tulikaa pale, na katika saa ile yeye alisema maneno ya kutukaribisha na maneno ya kutuaga, basi. Kikombe cha chai alikileta amekishika kwa viganja viwili, kama mtu ashikaye kifaranga. Tuliliona jambo hilo, wala hatukuuliza.

Mwaka uliofuata tulitiwa shuleni sisi wenyewe. Tulishikwa na maumivu ya kiuno yashukayo mguuni, nayo yakakaa miezi 7. Mganga wa kwanza tuliyemwendea alikuwa akiandika cheti cha dawa nasi hatujafika nusu ya maelezo, kichwa hakukiinua. Wa pili alisema kwamba wachungaji huketi mno, akacheka, akamwita mgonjwa mwingine. Labda walikuwa na watu wengi mlangoni, nasi hatuwahukumu. Lakini tulitoka pale na mzigo mpya juu ya ule wa kwanza, maana mtu asiyesadikiwa huanza kujishuku mwenyewe. Usiku tulijiuliza, Je, haya maumivu tunayatunga? Ndipo tulipokikumbuka kile kikombe.

Tukarudi kwa yule mama, safari hii bila kitabu mkononi. Tukamwuliza, Mama, maumivu yako yalianzaje? Akatutazama kitambo, akalia kwanza, kisha akasema mpaka taa ikawashwa. Yalianza katika vidole, mkono huu na huu sawasawa, yakapanda viwiko vya mikono, yakashuka nyayoni. Asubuhi hawezi kushika birika. Alinunua vidonge dukani, akavimeza mwezi baada ya mwezi hata tumbo likawaka moto, kwa maana vidonge vya namna hiyo vikizidi huchubua tumbo na kudhuru figo, naye hakuna aliyemwambia. Jirani alimwambia amelogwa. Akachanjwa chale, na mbuzi wawili wakaenda. Katika zahanati aliambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 47.

Tulimpeleka hospitali ya rufaa. Tabibu tuliyemkuta, mwanamke kijana, alifanya jambo dogo sana: aliiweka kalamu mezani. Akasema, Nieleze, mama. Mama alipokwisha, akaulizwa, Asubuhi ukiamka, vidole vyakunjuka baada ya muda gani? Mama akajibu, Jua likifika kizingitini. Tabibu hakucheka, akauliza, Na jua hufika kizingitini saa ngapi? Jawabu lile ndilo lililofungua mlango. Maana viungo vilivyochakaa kwa umri hulegea kabla ya nusu saa kupita, bali vikakamaapo saa nzima na zaidi, mikono yote miwili, huwa ni dalili ya baridi yabisi, ugonjwa ambao askari wa mwili wageuka kuvipiga viungo vya mwili wao wenyewe. Aliuliza pia kama alipata homa kali hapo mwanzo, kwa sababu chikungunya, homa iliyopewa jina lake kwa lugha ya Wamakonde baada ya kuenea kusini mwa nchi yetu miaka ya 1952 na 1953, yaweza kuacha viungo vikiuma miezi hata miaka. Kisha damu ikapimwa, na picha ya mikono ikapigwa, na maneno ya mama yakathibitika.

Akapewa dawa imezwayo mara moja kwa juma, pamoja na kupimwa damu kila baada ya muda. Dawa hiyo huzuia ugonjwa usiendelee. Vidole vilivyokwisha kupinda haivinyoshi. Tabibu alitueleza hayo waziwazi, ya kwamba angalikuja katika miezi ya kwanza mengi yangaliokolewa. Sisi tulikuwa tumeketi karibu, tukalisikia neno hilo. Katika ile miaka 4, mama huyu alikuwa mkononi mwetu.

Mahali pa pili katika somo letu ni pale Bwana aliposimama. Yairo ana haraka, mtoto yu kufani. Mwanamke amekwisha kupona, damu imekatika. Kama kupona ndilo jambo lote, kwa nini Bwana auulize mkutano ni nani aliyemgusa? Wanafunzi waliona ni swali la ajabu, kwa kuwa wote walikuwa wakimsonga. Naye akazidi kutazama, hata mwanamke akaja akitetemeka, akamweleza yote. Yote! Habari za miaka 12 hazielezwi kwa nukta moja. Na huku akisema, wajumbe wa Yairo wako njiani na habari za msiba. Bwana hakumkatiza. Alimwita binti, mwanamke ambaye kwa miaka ile yote hakuitwa jina la ujamaa. Kisha akaenda kwa Yairo, wala hakuchelewa.

Ndugu matabibu na wauguzi wamo miongoni mwa wasomaji wetu, nao watatuambia kwamba foleni ni ndefu. Ni kweli, nasi tumeiona. Lakini sikilizeni. Mwaka 1984 huko Marekani, Beckman na Frankel walichunguza mazungumzo ya matabibu na wagonjwa, wakaona ya kwamba kwa wastani mgonjwa hukatizwa baada ya sekunde 18. Na mwaka 2002, huko Basel katika Uswisi, matabibu walijaribu kunyamaza mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Je, walikesha? Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika 2. Hata wimbo wa sadaka hupita muda huo. Yuko pia Cicely Saunders, Mkristo wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi hata maumivu ya mgongo wake mwenyewe yakamtoa katika kazi hiyo. Akawatumikia wagonjwa kwa njia nyingine, kisha akasoma utabibu, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya St Christopher's huko London. Aliketi na wagonjwa, akayasikiliza maneno yao, akafundisha kwamba maumivu hayakai mwilini tu, bali hushika moyo, na jamaa, na roho pia.

Nawe uumwaye, usimwendee tabibu mikono mitupu. Andika katika karatasi, au mwombe mtoto wako wa shule akuandikie: yalianza lini, hukaa wapi, nini huyazidisha, nini huyapoza, na ni kazi gani uliyokuwa ukiiweza ambayo huiwezi tena. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko kusema naumwa sana. Tabibu akisikia kwamba huwezi kufunga kifungo cha shati, ameona. Chukua makopo na karatasi za dawa zote, hata za mitishamba, usizifiche kwa aibu, kwa kuwa dawa nyingine hupigana zenyewe kwa zenyewe tumboni. Nenda na mtu. Uliza jina la ugonjwa wako. Na kama tabibu wa kwanza hakusikia, kwenda kwa wa pili si matukano wala si ukosefu wa imani. Mwanamke wetu alikwenda kwa wengi, na Bwana hakumkemea kwa ajili hiyo.

Kwenu ninyi wainjilisti na wazee, tuna maneno machache, tena tunayasema huku tumeinamisha kichwa. Kuhani Eli alimwona Hana akitikisa midomo, akadhani amelewa. Alikuwa mtu wa madhabahu tangu siku nyingi, akakosea kabisa kumsoma mwenye uchungu aliye mbele ya macho yake. Heri Eli, kwa kuwa alipojibiwa alikubali kusikia. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku 7, walipoketi naye chini kimya. Walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu. Basi mwendapo kwa mgonjwa, ulizeni kabla ya kufungua kitabu. Na akitokea mtu wa kuwaambia wagonjwa wazitupe dawa ili waonyeshe imani, mkatazeni waziwazi. Paulo alimshauri Timotheo habari za tumbo lake, wala hakuona kwamba ushauri huo wapunguza imani.

Wengine watauliza, Mbona tumeomba na maumivu hayaondoki? Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, nao ukabaki. Martin Luther, mwaka 1537, alipokuwa Schmalkalden, jiwe lilimzuia mkojo siku nyingi, na matabibu wa wakuu hawakuweza kumsaidia, hata akajiweka tayari kufa. Akapakiwa garini kurudishwa kwake, na mitikisiko ya njia mbaya ikamfungua; lakini ugonjwa wa jiwe haukumwacha kabisa. Hatuna jawabu la kwa nini. Twajua tu kwamba hao wawili hawakuacha kulia mbele za Mungu, wala hawakuambiwa wanyamaze.

Mama yule bado anaumwa. Asubuhi zake ni fupi kuliko zamani: jua likiwa bado uani, birika amekwisha kuliinua. Wazee wamemtengenezea kiti kirefu chenye mikono, kimewekwa pale pale ukutani alipozoea kusimama, na Chakula cha Bwana sasa humfikia mahali alipo. Siku ya kupimwa damu ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Yule mzee aliyetuletea neno la kiburi ndiye aliyeomba zamu ya kumsindikiza.