Tabasamu la Flora: Jina la Msanii na Haki ya Kazi

Mwaka 1909 Wilhelm von Bode, mkurugenzi mkuu wa makumbusho ya kifalme ya Berlin, alinunua kutoka Uingereza sanamu ya nta ya Flora, mungu wa kike wa maua wa Warumi. Ni kiwiliwili cha mwanamke. Mikono haipo, macho yameinama, midomo inakaribia kutabasamu. Bode alishikilia kwamba muundaji wake ni Leonardo da Vinci, aliyefariki 1519, na tabasamu lile lilikuwa miongoni mwa hoja zake.

Hoja ya namna hii huzunguka: tabasamu humthibitisha Leonardo, na Leonardo ndiye anayelipa tabasamu kina chake. Wahakiki wa fasihi wasiharakishe kumcheka, kwani nao huyatambua mashairi ya Fumo Liyongo kwa sauti ya kishujaa waliyojifunza kutokana na mashairi yayo hayo.

Haukupita muda, Albert Dürer Lucas alieleza kwamba sanamu hiyo iliundwa na babake, Richard Cockle Lucas, mwaka 1846, na kwamba ndani mlijazwa takataka. Ilipochunguzwa, mlikutwa mabaki ya karne ya 19. Bode hakusalimu amri. Kwake, Lucas alikuwa mkarabati tu. Mzozo uliendelea hadi 2021, watafiti walipochapisha matokeo ya upimaji wa kaboni. Sehemu kubwa ya nta hiyo imetokana na nyangumi, na kwa kuwa viumbe wa bahari huonekana wakongwe kuliko walivyo katika vipimo hivyo, hesabu ilibidi isahihishwe. Jibu liliafikiana na maelezo ya Lucas mwana.

Tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi mwishoni mwa miaka ya 1960, wapo wasemao kwamba jina si kitu. Rai hiyo inavutia, lakini inamdhulumu Lucas. Alikuwa amefariki tangu 1883. Jina la Leonardo alilibandika Bode, na bado Lucas ndiye aitwaye mghushi. Kumtendea haki ni kuisoma sanamu kama yake. Hapo tabasamu halitakuwa tena ushahidi wa mtu, bali jambo la kufasiriwa: kwa nini fundi wa Uingereza ya viwanda alimtamani mwanamke wa zama zile, akamuunda kwa nta ya nyangumi, bidhaa ya biashara ya wakati wake mwenyewe?